Vita Alivyopigana Marehemu Usingizini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jeshi la majini linaandika historia yake. Basi na mimi naandika yangu. Shule niliacha darasa la nne, na mwalimu ndiye aliyeomba. Lakini mkono ninao, kalamu ninayo, na mdomo ndio usiseme.

Asubuhi tumeitwa wajane wote wa vyumba vya nyuma ya kambi, pale bombani. Wajane wote maana yake wawili: mimi, na Mama Tarumbeta wa mlango wa pili. Admeri Mkuu kasimama mbele yetu, medali zinalia kama vijiko kabatini. Kasema vyumba vinahitajika. Maofisa wamepandishwa vyeo tena, hawana pa kukaa.

Watakosaje kupandishwa! Katika jeshi hili hafukuzwi mtu. Ukiharibu kazi unapewa cheo, ili usishike kitu tena. Sasa tuna maadmeri saba: Mkuu, wa Mbele, wa Nyuma, wa Kulia, wa Kushoto, wa Mizinga na wa Nanga. Meli ni moja. Haina jina. Ya nini? Utaichanganya na ipi? Na baharia ni mmoja, mzee wa watu, mvi mpaka nyusi. Yeye hapandishwi, maana akipanda nani atapiga saluti? Anaanza na Admeri Mkuu asubuhi, akifika kwa wa mwisho, wa kwanza keshatoka chooni, anaanza upya. Deki itapigwa saa ngapi?

Amri ni hii. Kitabu cha historia kitafungwa kabla ya gwaride la mwezi huu. Mjane ambaye mumewe ametajwa humo kwa tendo lake, chumba ni chake mpaka kufa. Asiyetajwa, afunge virago. Mama Tarumbeta kacheka chini chini. Mumewe yumo tangu zamani: alipiga tarumbeta siku meli ilipoletwa. Alikosea wimbo, lakini alipiga.

Wangu alikuwa mchochea moto wa meli. Hayumo.

Jioni mkwe wangu, mke wa mwanangu, kapiga simu. Habari zishamfikia! Karibu mama, tushakuandalia mahali, pale karibu na cherehani. Mkwe ana moyo mzuri, na hapo ndipo penye balaa. Kwake nitapangiwa saa ya kulala. Nitaulizwa nimekula, nimekunywa, nimekwenda choo. Kule si kuishi, ni kulazwa hospitali bila ugonjwa. Siendi! Nimekaa hapa tangu nina meno yote. Chumba hiki hakinitoki mkononi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimevaa gauni la mazishini, nimekwenda kwa mwandishi wa historia. Tunamwita Miwani. Ofisi yake ni ile stoo ya kamba. Amekaa juu ya kamba, anaandikia juu ya kamba. Kasimama, kaniamkia vizuri, shikamoo bibi. Malezi anayo. Akili tutaona.

Kanisomea kidogo alipofikia. Jeshi lilianzishwa kabla meli haijapatikana. Miaka ya mwanzo walifanya mazoezi juu ya paa la ghala, na wawili walizama kwenye pipa la maji ya mvua. Baadaye meli ikanunuliwa kwa picha. Ilipofika ilikuwa ndogo kuliko picha. Basi, historia imeishia hapo. Baada ya hapo ni vyeo tu, kurasa na kurasa.

Kauliza marehemu alifanya nini. Nikamwambia alichochea moto wa meli. Kauliza moto uliwaka lini. Swali gani hilo! Nikasema moto ulikuwa tayari kuwaka wakati wowote, na mume wangu alikuwa tayari pembeni yake, utumishi wake wote. Kasema kuwa tayari si tendo. Nikamwuliza hao maadmeri saba wana tendo gani. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Halafu kanifundisha sheria za kitabu. Kwanza, jambo jipya haliandikwi mpaka lisemwe na vinywa viwili. Pili, likishaandikwa halifutwi kamwe, ila mwenye la kuongeza anaongeza. Zamani walikuwa wanafuta. Kila Admeri Mkuu aliyeingia alimfuta aliyemtangulia, mpaka kitabu kikabaki jalada.

Ndipo nikaikumbuka siku ile kamba ilipokatika. Ukweli wenyewe hauna siri. Kamba ilioza, upepo ukavuma, meli ikaondoka yenyewe gatini na mume wangu ndani, amelala karibu na boila baridi. Ikavuka maji, ikaenda kugonga gati la nchi ya ng'ambo. Askari wa kule wakamwamsha. Wakampa chai. Kisha wakaisukuma meli kwa miti, upepo ukageuka, akarudi na kikombe chao mkononi. Nilimwuliza ulikuwa wapi wewe mwanamume. Kasema, nje ya nchi.

Sasa niambie, hiyo si vita? Meli ya kivita imevuka, imegonga, imerudi na mali ya adui! Nikamweleza Miwani hivyo hivyo. Nikapunguza usingizi, nikaongeza moshi. Nikatoa kikombe mkobani, cha bati, kimechorwa nanga mbili za jeshi la ng'ambo. Ngawira hiyo, nikamwambia. Miwani katetemeka mpaka kamba zikasogea. Jeshi letu halijawahi kupigana na mtu, hata kwa maneno. Kasema nilete kinywa cha pili, upesi.

Kinywa cha pili. Aliyekuwepo gatini siku ile na bado anapumua ni mmoja tu. Mungu naye ana utani wake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mama Tarumbeta hatoi kitu bure. Nimempelekea sukari, kapokea. Nimempelekea mchele, kapokea. Nikamweleza shida yangu, kajishika kichwa: "Aa, shoga, kumbukumbu yangu siku hizi mbovu." Mbovu! Mtu anayekumbuka sufuria aliyoniazima kabla hatujaota mvi! Tukapatana hivi: zamu yangu ya bomba asubuhi ni yake, kamba yangu ya kuanikia nguo ni yake, na mumewe awemo vitani.

Tumekwenda kwa Miwani. Njiani nimemsihi aseme machache. Kasema mengi! Mumewe alipanda mlingotini akapiga tarumbeta mpaka maadui wakaziba masikio wakadondoka majini. Sawa, hilo tulipatana. Halafu, macho makavu, kasema mchochea moto yeye alijificha nyuma ya mkaa. Na Miwani kaandika!

Nikaruka. Nikamwambia afute. Kainua kidole: hakifutwi kitu. Basi ongeza, nikasema. Ongeza kwamba alijificha ili awavizie. Mama Tarumbeta kaongeza kwamba aliwavizia huku anakoroma. Nikaongeza kwamba kukoroma ulikuwa mtego, wadhani amelala. Kaongeza kwamba mtego ulimnasa mwenyewe, akalala kweli. Nikaongeza kwamba hata usingizini alipigana, mikono yake ilikuwa haina usingizi, mimi mkewe ndiye ninayejua, uliza ukuta wa chumba! Hapo Miwani kaomba tupumzike. Wino umekwisha na mkono umekufa ganzi.

Tumerudi bila kusemezana. Yeye mbele, mimi mbele zaidi.

Lakini yumo! Mume wangu yumo kitabuni! Nimempigia mkwe, nimemwambia hicho kitanda cha karibu na cherehani alaze vitambaa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimefurahi mapema kama mlevi.

Vita vyetu vimesomwa mbele ya maadmeri. Wakapiga makofi, wakakumbatiana. Kisha kila mmoja akaanza kukumbuka. Admeri wa Kulia kakumbuka kwamba alikuwepo, upande wa kulia. Wa Kushoto, kushoto. Admeri wa Mbele siku ile alikuwa bado ananyonya, mimi mwenyewe nilimfuta kamasi. Kasema alinyonya akiwa mstari wa mbele. Admeri wa Nanga kasema nanga ilishushwa kwa amri yake katikati ya risasi. Nanga gani? Ile iliyolala gatini, ninayoikalia nikichambua mboga? Haijawahi kulowa ile, isipokuwa kwa mvua.

Wote wameongezwa. Na ubaya si huo. Ubaya ni sheria waliyokuja nayo: katika jeshi, tendo si la aliyetenda, ni la aliyeamuru. Basi wakagawana matendo ya mume wangu kama nyama ya mzoga. Kujificha nyuma ya mkaa kumekwenda kwa Admeri wa Nyuma. Ngumi za usingizini, wa Kulia na wa Kushoto wamegawana, kila mtu mkono wake. Kukoroma kumekuwa mali ya Admeri wa Mizinga, kwa sababu ya mlio.

Nikamwuliza Miwani mume wangu kabaki na nini. Kapekua, kapekua. Kasema kabaki na kuwepo. Na kuwepo si tendo. Chumba hakuna, bibi, samahani sana.

Nimekaa juu ya nanga nikawaza. Nani anaweza kusema mume wangu alipigana bila kuamriwa? Si rafiki. Rafiki ni hawa. Anayejua kapigwa na nani ni adui!

Mama Tarumbeta alikuwa bombani anatamba na zamu yangu. Nikaingia kwake, nikaliangua ukutani tarumbeta la marehemu mumewe, nikaenda mwisho wa gati. Maji pale si mapana. Nikaweka mdomo, nikapaza sauti kwa kupitia tarumbeta: jamani wa ng'amboooo! Askari wao wakatoka kwenye kibanda. Nikawauliza wanamkumbuka yule mtu wa meli, aliyegonga gati lao. Wakajibu kwa kelele kwamba wanamkumbuka sana, hajambo? Nikasema amefariki. Wakavua kofia. Watu wazuri sana wale.

Nikawaambia basi mjue, aliwapiga nyote peke yake, na sisi tumeshaandika.

Wakarudisha kofia vichwani, wakasema ningoje, wanakwenda kuuliza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wameuliza. Admeri Mkuu wao mwenyewe kaja na mashua, ndevu mpaka kwenye vifungo. Kafika gatini kapiga hodi. Adui na adabu yake.

Kasema ni kweli, vita vilikuwepo, wamekwisha kuviandika jana. Ila walishinda wao. Waliiteka meli yetu na watu wake wote, yaani mume wangu. Wakawalisha mateka, kisha wakaifukuza meli kwa miti. Na wanadai kikombe chao. Watakifuata Jumatano, kwa heri au kwa shari.

Nilitaka kumvuta hizo ndevu! Washinde wao? Vita nimevipika mimi, kwa sukari yangu na mchele wangu, halafu atokee mtu huko aje avipakue?

Kambi imepagawa. Maadmeri hawajui wajivune au wakimbie, wengine wanafanya vyote viwili. Wa Kulia na wa Kushoto wameshikana mashati: meli imefungwa kinyumenyume, sasa nani ni nani? Admeri wa Mizinga kaamuru mzinga usafishwe. Baharia katia mkono ndani, akautoa unavuja damu. Kumbe kuku wa Mama Tarumbeta anaatamia humo! Huyo baharia ndiye majeruhi wetu wa kwanza tangu jeshi lianzishwe. Wamemtundikia medali, kisha wamemwambia apige saluti kwa ule mkono mzima.

Mama Tarumbeta katoka na mwiko. Kasema atakayemgusa kuku wake, yeye anahamia ng'ambo na siri zote za jeshi. Siri gani sijui. Maadmeri wakakaa kikao cha dharura. Wameazimia kwamba vita haviwezi kupigwa mpaka vifaranga vitoke.

Mkwe kapiga simu. Kasikia kuna vita huku, je, nimevaa soksi? Nimemwambia vita ni vyangu, asiviingilie.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wamekuja. Imewekwa meza gatini, kikombe katikati, vitabu viwili vimefunguliwa. Chetu kinasema tulishinda sisi. Chao kinasema walishinda wao. Na chao nacho hakifutwi. Jeshi lao ni mapacha na letu, isipokuwa wao maadmeri ni wanane. Wetu wamemtazama yule wa nane kwa wivu mpaka shingo zikauma.

Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Hakuna upande ungekubali kushindwa, na wana haki: jeshi likishindwa, wakubwa wote wameharibu kazi, inabidi wapandishwe vyeo, na juu ya Admeri Mkuu hakuna tena cheo. Watawekwa wapi?

Ndipo yule wa ndevu kasema jambo. Kitabu kinataka aliyeshindwa. Kitabu hakisemi lazima aliyeshindwa awe jeshi.

Wote wakageuza macho. Kwangu! Nilikuwa nimekaa juu ya nanga yangu na ungo wa mboga, simwangalii mtu.

Miwani kaandika, na mwandishi wao kaandika, neno kwa neno: majeshi yote mawili yalishinda, aliyeshindwa ni mchochea moto, peke yake, bila kuamriwa na mtu yeyote.

Bila kuamriwa! Hakuna admeri aliyetaka kuwa ndiye aliyeamuru kushindwa. Kwa hiyo tendo ni lake mwenyewe, safi, halina mwenyewe mwingine! Admeri Mkuu kanikabidhi ufunguo, kasema chumba ni chako mpaka kufa, bibi. Kikombe wamerudishiwa wenyewe. Watu wakapeana mikono.

Nimeingia ndani, nimejifungia, nimeketi kitandani na ufunguo shingoni. Chumba changu. Ukuta wangu. Nimeshinda.

Mama Tarumbeta kachungulia dirishani. Kasema, "Hongera, mke wa aliyeshindwa." Baada ya kitambo karudi kuazima kiberiti, kasema vilevile. Nimekaa na maneno hayo kama mfupa kooni.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wazo limenijia nikiwa kwenye karai la nguo.

Mtu mmoja kashindwa na majeshi mawili. Vizuri. Lakini jeshi hupigana na nani? Jeshi hupigana na jeshi! Mtu akikabili majeshi mawili siku moja, peke yake, bila kuamriwa na mtu, huyo ni mchochea moto huyo? Huyo ni jeshi la tatu! Na mkuu wake ni nani, kama si yeye? Naye akifa, anamrithi nani? Povu likanikaukia mikononi.

Sikuweza kujizuia, nimemwambia Mama Tarumbeta, ili anune. Hakununa. Kanikumbatia! Kasema shoga una kichwa wewe, nenda upesi kabla ofisi haijafungwa, nguo atanimalizia yeye kufua. Nikasema kumbe roho anayo.

Miwani kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kafunika kalamu. Kasema, "Bibi yangu, yaache yalivyo. Chumba si umepata?" Nikamwambia kijana, hukuwekwa hapa kunishauri, andika. Akaandika kwamba mchochea moto alikuwa Admeri Mkuu wa jeshi la tatu, na mjane wake ameshika nafasi yake.

Nilipotoka nje maadmeri saba walikuwa wamejipanga. Saluti! Mimi huyu! Baharia naye kainua mkono wenye bendeji. Nikamwona alivyochoka, nikampandisha cheo papo hapo, awe admeri wa jeshi langu. Mzee wa watu kalia. Kaweka ndoo chini, kaenda kulala mchana kweupe. Sasa wale wana maadmeri saba na baharia hakuna. Wamebaki wanapigiana saluti wao kwa wao, hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kushusha mkono.

Na hapo, mkono ungali kichwani, Admeri Mkuu kaniomba ufunguo. Kwa heshima zote, kasema. Vyumba ni vya wajane wa jeshi hili. Mkuu wa jeshi la kigeni hawezi kulala ndani ya kambi yetu. Usalama wa taifa.

Nikarudi kwa Miwani mbio, miguu hii hii. Futa! Katazama chini. Hakifutwi kitu, bibi. Lakini kuna kuongeza. Kasema akiongeza kwamba jeshi la tatu limesalimu amri leo, basi halipo tena, mimi ni mjane wa hapa kama zamani, na ufunguo unabaki wangu. Neno moja tu, bibi. Kalamu tayari kaishika.

Lilifika mpaka kwenye ulimi, sikatai. Nikafikiria kitanda cha karibu na cherehani. Nikafungua mdomo. Halafu nikatupa jicho nje: Mama Tarumbeta kasimama ndani ya chumba changu, anapima dirisha langu kwa kitambaa cha pazia.

Nisalimu amri? Yule akisikia? Nimevua ufunguo, nimeubwaga juu ya kamba za Miwani. Nimemwambia aongeze kwamba jeshi la tatu halijawahi kusalimu amri na halitawahi, nukta.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mkwe kaja na pikapu ya kukodi. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga! Kakunja godoro, kafunga sufuria kwa kamba, kaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Dereva kanisukuma makalio nipande mbele. Mkuu wa jeshi!

Nimewaambia wote wasikie, mimi sihami. Jeshi linahamisha makao makuu. Mkwe kasema sawa mama, funga mkanda.

Mama Tarumbeta katoka kutuaga. Tayari kafungua mlango wa katikati, ana vyumba viwili, kuku keshahamia upande wangu na vifaranga vyake. Kapiga tarumbeta la kuniaga. Kapatia wimbo! Mwanamke huyo ana roho mbaya kweli.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimelazwa karibu na cherehani. Blanketi mbili, joto hili! Nikikohoa analetwa daktari, nisipokohoa naulizwa mbona nimenyamaza. Jana nimewekwa mezani nikafungiwa kitambaa shingoni kama mtoto.

Basi leo, wakati wa chai ya asubuhi, nimesimama nikatangaza. Nyumba hii imetekwa na jeshi la tatu. Sebule, jiko, choo na ua. Lile tangi la maji juu ya paa ndiyo bahari yetu. Mwanangu kainamia kikombe chake. Huyo alizaliwa amesalimu amri. Mkwe ndiye niliyemngoja. Nilikunja mikono ya gauni. Nilikuwa na majibu yangu tayari, makali.

Mkwe kafikiri kidogo. Kavua aproni, kaitundika juu ya cherehani. Kaketi kwenye kochi, kainua miguu juu ya stuli. Kasema sawa mama, tumetekwa. Kisha kauliza chakula cha mchana kinatoka saa ngapi.

Nikamwuliza ana maana gani. Kasema, kwa upole wake ule ule, "Mateka hafanyi kazi, mama. Mateka analishwa na aliyemteka. Ndivyo ilivyo dunia nzima, muulize yeyote." Wajukuu wakashangilia, wakatupa mifagio.

Basi nimepika. Nimeosha vyombo. Nimefagia ua. Nimefua sare za shule, maana hawa mateka wadogo ndio wanaochafua kuliko wote. Mwanangu kaomba maji ya moto ya kuoga, nimempelekea mpaka mlangoni. Mkwe amejilaza na gazeti usoni. Nikipita ananiambia pole na kazi, Admeri. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula!

Mtu mwenye akili fupi angesema nimekomeshwa. Nani, mimi? Tangu lini mshindi akakomeshwa? Nyumba nzima iko chini yangu, kila mtu anakula mkononi mwangu. Mpango ulikuwa mzuri kabisa. Kasoro yake ni moja: nchi niliyoiteka ni ndogo mno, haina watu wa kunisaidia.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta ana mashine ya kufulia na mabinti wawili wakubwa wanaoshinda barazani. Nimepanda juu ya ndoo nikawachungulia vizuri. Hawana hata mbwa.